Baba wa babu yangu alikuwa fundi Mskoti aliyekuja Kisumu: nianzie wapi kumtafuta?

Swali

Baba wa babu yangu mzaa baba alikuwa Mskoti. Wazee wanasema alikuja Kisumu muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuunganisha meli za ziwani, akazaa na bibi yetu mtoto mmoja wa kiume, ambaye ndiye babu yangu, halafu akaondoka. Tuna jina lake, ambalo ni la kawaida sana huko kwao, na picha moja iliyobandikwa kwenye kadi yenye chapa ya studio ya Paisley, mji wa Uskoti. Tunaambiwa alikuwa "injinia". Nimeliandika jina hilo kwenye intaneti nikaletewa mamia ya watu. Hakuwa mkubwa wala tajiri. Mtu wa namna hiyo anaweza kupatikana kweli?

Jibu

Anaweza, dada, na uwezekano ni mkubwa kuliko unavyodhani. Uskoti ilianza usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Januari 1855, na fomu zake ziliuliza mengi kuliko za England. Cheti cha kifo cha Mskoti, awe kabaila au mchimba makaa ya mawe, kinataja baba yake na kazi ya baba huyo, tena kinamtaja mama pamoja na jina lake la ukoo kabla hajaolewa. Cheti cha ndoa kinataja wazazi wa pande zote mbili. Cheti cha kuzaliwa, kuanzia 1861, kinaonyesha tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa. Ukishika karatasi moja iliyo yake kweli, hiyo itakuvuta hadi ya pili na ya tatu.

Tabu yako iko kwenye hayo mamia. Kosa linaloharibu utafiti mwingi wa namna hii ni kumshika mtu wa kwanza mwenye jina linalofanana, kumjengea ukoo wote, kisha kugundua baadaye kwamba mtoto yule alifariki akiwa na miezi minne. Miti ya ukoo inayonakiliwa na watu mtandaoni imejaa makosa hayo, kwa hiyo usimwamini mtu kwa sababu tu miti kumi inasema vilevile. Huenda wote wamenakili sehemu moja. Liweke jina pembeni kwanza. Kusanya kila kitu kingine kinachomhusu: umri wa kukadiria, ufundi, mtaa na watu waliomzunguka. Fukara wa mjini hakuacha barua wala shamba, lakini kila mara kulikuwa na mtu wa kumhesabu au kumlipa au kumfungisha ndoa, na mtu huyo ndiye aliyeandika.

Anza nyumbani, tena anza na babu yako na si na yule Mskoti. Mwaka aliozaliwa babu ndio msumari wa kutundikia kila kitu, kwa sababu miezi tisa kabla yake baba lazima alikuwa Kisumu au karibu. Kwa Waafrika usajili wa vizazi serikalini haukuwa wa lazima nchi nzima wakati ule, basi nenda kwenye vitabu vya ubatizo. Mapadre wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903 na wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianza Maseno mwaka 1906. Kama babu alibatizwa au kusomeshwa huko, huenda jina la baba limeandikwa, na hata likiachwa wazi, tarehe peke yake ina thamani. Wahoji wazee mmoja mmoja, kila mtu peke yake, na urekodi sauti. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye huamua historia ya wote. Uliza walimwitaje nyumbani, aliishi upande gani wa mji, alifanya kazi na nani, na kama bibi aliwahi kupokea fedha baada ya yeye kuondoka na kupitia mkono wa nani.

Ile picha usiibandue kwenye kadi. Ipige pande zote mbili kwa mwanga wa dirishani. Jina la studio na namba ya mtaa vinaweza kutafutwa kwenye vitabu vya anwani vya posta vya Uskoti, ambavyo Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeviweka mtandaoni bure hadi mwaka 1911. Wapiga picha walihamahama, kwa hiyo anwani moja ya studio mara nyingi inakubana ndani ya miaka michache tu. Fundi wa kawaida si rahisi kumkuta kwenye vitabu hivyo, maana viliwapendelea wenye maduka na wenye nyumba.

Chapa ya Paisley inaoana vizuri mno na habari ya wazee. Meli nyingi za mwanzo za Ziwa Victoria, kuanzia William Mackinnon, kisha Clement Hill, hadi Usoga na Rusinga za mwaka 1913, zilijengwa na kiwanda cha Bow, McLachlan cha Paisley. Zilijengwa kwa namna ya pekee: zilifungwa kwa bolti kiwandani, kila bamba likapigwa namba, zikafunguliwa tena, zikapakiwa melini hadi Kilindini, zikapelekwa hadi Kisumu, nyingi kwa reli, na huko ndiko zilikopigwa ribiti na kushushwa majini. Kazi hiyo ilihitaji watu walioijua meli hiyo tangu kiwandani. Uskoti ilikuwa na mafundi waliozunguka dunia kwa njia hii. Viwanda vya Mto Clyde vilipeleka meli za vipande hadi Burma kwa mtindo huohuo.

Lakini kulikuwa na makundi mawili ya Waskoti kwenye gati la Kisumu, na ni lazima ujue wako alikuwa wa lipi, maana nyaraka zao ziko mahali tofauti. La kwanza ni mafundi waliotumwa na kiwanda kwa mkataba wa kuunganisha meli, kisha wakarudi. La pili ni waajiriwa wa idara ya meli ya Reli ya Uganda, waliokaa miaka na kwenda likizo na kurudi, na wengi wao walichukuliwa kupitia Mawakala wa Serikali kwa Makoloni, huko London. Mkazo wa wazee kwamba "alikuja kuunganisha meli, akaondoka" unaegemea kundi la kwanza. Hata hivyo usilifunge la pili mapema.

Tena ondoa matumaini kwenye neno "injinia". Kwenye karatasi za Uskoti utakuta "engine fitter", yaani fundi wa kuunganisha mitambo, au "boilermaker", fundi boila, au "riveter", mpiga ribiti. Neno "engineer" lenyewe pale Clydeside, yaani kandokando ya Mto Clyde, lilimhusu hata fundi wa mikono aliyevaa ovaroli. Ukikuta "journeyman", mara nyingi limefupishwa kuwa herufi J, huyo ni fundi aliyemaliza uanagenzi na sasa analipwa mshahara. Uanagenzi ulichukua takriban miaka mitano hadi saba, kwa hiyo mtu anayeitwa journeyman kwa kawaida amefika miaka 20 au zaidi. Hiyo ni dokezo ya umri.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Kama babu yako alizaliwa kati ya 1913 na 1915, na baba yake alikuwa fundi kamili wa miaka 23 hadi 38, basi tunamtafuta mtu aliyezaliwa takriban kati ya 1875 na 1892. Andika miaka hiyo, na kaunti ya Renfrew ambamo Paisley imo, na kaunti jirani ya Lanark ambamo Glasgow ilihesabiwa zaidi. Usiibane Paisley peke yake. Mafundi walifuata kazi.

Mlango wako mkuu ni ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Uskoti. Kujisajili na kutafuta kwenye faharasa ni bure. Unalipa pale unapofungua picha ya waraka wenyewe. Kwa muda mrefu picha ya cheti au ukurasa wa sensa imekuwa krediti 6, sawa na pauni 1.50. Vyeti vya kuzaliwa vinaonekana mtandaoni vikishatimiza miaka 100, vya ndoa miaka 75, vya vifo miaka 50, kwa hiyo vyote unavyovihitaji viko wazi. Fedha hupotea hapa kwa sababu faharasa ya vizazi vya miaka hiyo haionyeshi wazazi. Ukifungua kila cheti chenye jina lako utamaliza pauni 60 hujamaliza hata mtaa mmoja.

Fanya hivi badala yake. Fungua daftari au lahajedwali, orodhesha kila mtoto mwenye jina hilo aliyesajiliwa katika kaunti hizo mbili kwa miaka uliyoiweka, bila kufungua picha hata moja. Kisha anza kuwaondoa. Faharasa ya vifo inaonyesha umri, kwa hiyo waliokufa utotoni wanaondoka bure, na katika miji ile walikuwa wengi kwa namna ya kuhuzunisha. FamilySearch ina nakala ya bure ya sensa ya tarehe 3 Aprili 1881, na humo utaona watoto waliozaliwa kabla ya siku hiyo wakiwa na wazazi wao. Unamwandika mama, kazi ya baba na mtaa mbele ya kila jina. Kwa waliozaliwa baadaye itabidi utumie sensa za 1891 na 1901 kwenye ScotlandsPeople. Sensa ni bora kuliko cheti katika hatua hii, kwa kuwa ukurasa mmoja unakupa kaya nzima.

Kisha nenda sensa ya tarehe 2 Aprili 1911, ya mwisho kabla ya safari. Tafuta mwenye jina hilo aliye fundi wa mitambo, boila au meli. Kama ni kijana asiyeoa atakuwa kwa mama yake au amepanga kitanda kwa watu, na wapangaji wa kitanda ndio wanaoandikwa vibaya zaidi, kwani majibu yalitolewa na mwenye nyumba. Sensa hiyo iliwauliza wanawake walioolewa miaka ya ndoa yao, watoto waliozaliwa hai na waliosalia. Ukimkuta mama yake hapo utajua una ndugu wangapi wa kuwatafuta.

Sensa ya tarehe 19 Juni 1921 ndiyo hazina yako. Iliuliza jina la mwajiri. Kama fundi wako alirudi nyumbani, unaweza kukuta jina lake, na kando yake Bow, McLachlan au kiwanda kingine cha meli. Hapo mamia yako yatakuwa yamebaki wawili au watatu, na sasa ndipo inapofaa kulipia vyeti.

Ukifungua cheti, soma kila kitu, hata sahihi. Aliyetoa taarifa ni nani, na anahusianaje na mwenye cheti? Kama hakujua kuandika utaona alama ya X na maneno "his mark". Anwani ya siku ya ndoa mara nyingi inalingana na anwani ya sensa ya jirani na mwaka huo, na huo ndio ushahidi wa kuunganisha karatasi mbili kuwa za mtu mmoja. Kanuni ya kufuata ni hii: jina pamoja na vitu viwili zaidi visivyotegemeana, kwa mfano ufundi na mtaa, au jina la mama na umri. Jina na umri peke yake havitoshi hata siku moja kwa jina la kawaida.

Majina yenyewe yana utaratibu utakaokusaidia. Waskoti wengi walimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wa tatu la baba mwenyewe; binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Majirani zenu Wakikuyu wataliona jambo hilo la kawaida kabisa, ingawa kwao binti wa kwanza huitwa kwa bibi mzaa baba. Haikuwa sheria, kwa hiyo itumie kukisia tu, usiitumie kuthibitisha. Chenye nguvu zaidi ni jina la kati: Waskoti walipenda kumpa mtoto jina la ukoo la mama au la bibi kama jina la kati. Kama jina la kati la babu mkuu linasikika kama jina la ukoo, usilipuuze, kwani linaweza kuwapunguza mamia hao kuwa mmoja.

Kumbuka pia kwamba mwanamke wa Kiskoti hakupoteza jina lake la ukoo kwenye nyaraka. Kaburi na cheti cha kifo vinamtaja kwa jina alilozaliwa nalo pamoja na la mume. Kwa hiyo mama na dada zake huwa rahisi kufuatwa kuliko yeye, hasa mama mwenye jina la nadra. Usishangae majina kubadilika: Jessie ni Janet au Jean, Peter na Patrick ni mtu mmoja katika karatasi nyingi, Sandy ni Alexander, Elspeth ni Elizabeth. Majina ya Mac yanaandikwa Mc, Mac na M' yenye alama; tumia nyota mahali pa herufi usizozijua, mfumo wa kutafuta unaikubali.

Kama cheti cha kuzaliwa hakina baba, tazama ukingoni. Pakiwa na maelezo kuhusu Daftari la Masahihisho, mahakama ya eneo huenda ilimtambua baba baadaye, na jina lake limo humo. Kumbukumbu za mabaraza ya wazee wa kanisa, ambayo watu wa Kanisa la Presbiteri (PCEA) kwetu bado wanayo, zilihoji wasichana waliozaa nje ya ndoa na kuandika jina la mwanamume. Nyingi zimewekwa kwenye ScotlandsPeople na kuzisoma kwenye skrini ni bure, ila hazina faharasa ya majina. Lazima usome ukurasa kwa ukurasa. Kwa miaka ya 1880 hazitoi mengi kama za karne moja nyuma yake. Zihifadhi kwa vizazi vya juu.

Kabla ya 1855 utaingia kwenye vitabu vya parokia vya Kanisa la Uskoti, ambavyo vina mapengo. Mwaka 1843 kanisa hilo liligawanyika, na familia nyingi za wafanyakazi zilikuwa tayari kwenye makanisa mengine. Kutoonekana humo hakumaanishi hawakuwepo. Pia usistaajabu ukifika kwa babu aliyezaliwa Ireland. Paisley na Glasgow zilijaa wafanyakazi waliovuka bahari kutoka huko, na mtu anayeitwa Mskoti Kisumu angeweza kuwa na wazazi Wairishi.

Jambo linalosahauliwa na watafutaji wengi wa mababu wa tabaka la chini ni nyaraka za msaada wa maskini. Sheria ya 1845 iliweka bodi katika kila parokia na mkaguzi wa maskini aliyemhoji kila mwombaji nyumbani kwake. Mwanamume mwenye nguvu za kufanya kazi hakuwa na haki ya msaada, lakini mke aliyeachwa, mjane, mgonjwa na mzee waliweza kuupata. Ili kuamua ni parokia gani ibebe gharama, mkaguzi aliandika mahali pa kuzaliwa, wazazi, anwani za miaka iliyopita, dini, watoto na umri wao, na mume yuko wapi. Fomu za Glasgow, kuanzia 1851, ziko Maktaba ya Mitchell katika hifadhi ya nyaraka ya jiji, zikiwa na faharasa. Za Paisley nazo zimesalia kwa wingi.

Kwako hili lina uzito wa pekee, na ni bora nikuambie wazi. Inawezekana alikuwa ameoa kabla ya kuja Kisumu. Kama fedha ziliacha kufika nyumbani, mke angepelekwa na njaa kwa mkaguzi, na mkaguzi angeandika kwamba mume yuko Afrika. Waraka kama huo ungethibitisha kila kitu kwa mpigo mmoja, na ungewaumiza nyote. Jiandae kabla ya kuuomba.

Safari yenyewe itafute kwenye orodha za abiria zilizohifadhiwa Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, katika mfululizo BT 27, wa waliotoka bandari za Uingereza kwenda nje ya Ulaya kati ya 1890 na 1960. Zimewekwa kwenye Findmypast na Ancestry, tovuti za kutafuta ukoo. Weka Mombasa kama kituo cha mwisho, miaka 1910 hadi 1914, ufundi wowote wa chuma. Tazama majina ya jirani kwenye ukurasa: mafundi wa mkataba mmoja walisafiri pamoja, na ukikuta wanne wenye kazi zinazofanana wakielekea Mombasa, umepata kikosi cha meli moja. Kuanzia takriban 1912 orodha ziliuliza pia nchi ambayo abiria alikusudia kuishi moja kwa moja. Aliyejibu Uskoti alikuwa wa mkataba. Waliorudi wako kwenye BT 26, na katika miaka ya 1920 orodha hizo zinataja hata anwani aliyokuwa akielekea.

Usipomwona, usikate shauri kwamba hakusafiri. Abiria wengi wa Afrika Mashariki walivuka kwa treni hadi Marseille na kupandia meli huko, wakiepuka Ghuba ya Biskaya. Hao hawamo kwenye BT 27 hata kidogo, kwa kuwa safari yao ya kutoka Uingereza iliishia Ulaya.

Upande wetu wa bahari, gazeti rasmi la serikali lililoanza 1899 limewekwa kwenye Google Books, na ndani yake mna matangazo ya mirathi ya Wazungu waliofia huku pamoja na uteuzi wa watumishi. Tovuti ya bure ya Europeans in East Africa imekusanya maelfu ya majina kutoka vyanzo hivyo na vingine. Itumie kama kielekezi, kisha uutafute waraka wenyewe. Kama alikuwa wa reli, barua za serikali ya Protektorati, yaani ya kikoloni ya wakati ule, ziko Kew katika CO 533, na vitabu vya mwaka vyenye majina ya watumishi katika CO 543. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, ina faili za Mkoa wa Nyanza, lakini humo nenda na mwaka na jambo mahususi, si jina tupu.

Nyaraka za ufundi zenyewe zinategemea bahati. Chama cha mafundi mitambo kilichoundwa 1851 kiliweka madaftari ya wanachama, na kumbukumbu zake ziko Chuo Kikuu cha Warwick. Kama alikuwa mhandisi wa kuendesha mashine melini, huenda alifanya mtihani wa Bodi ya Biashara. Vyeti hivyo vilianza 1862, na madaftari yake yako Kew yakiwa na mwaka na mahali pa kuzaliwa. Kumbukumbu za viwanda vingi vya Clyde ziko Chuo Kikuu cha Glasgow. Waandikie na uulize kama kuna vitabu vya mishahara vya kiwanda na mwaka unaoutaka. Mara nyingi vitabu vya mishahara ndivyo vilivyotupwa kwanza na michoro ya meli ikahifadhiwa, basi usijenge utafiti wako juu yake.

Kuhusu vita, kama alibaki na kufa akiwa jeshini kati ya Agosti 1914 na Agosti 1921, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inamtaja bure mtandaoni, mara nyingine pamoja na anwani ya wazazi. Majalada ya askari wa vita ile mengi yaliungua London mwaka 1940 kwa bomu, lakini kadi za medali zimesalia. Kwa aliyefia ng'ambo nje ya vita, ScotlandsPeople ina daftari dogo la vifo vya Waskoti nchi za nje na jingine la vifo vya baharini, na watu wengi hawalifungui kamwe. Fundi aliyekufa akidai mshahara anaweza pia kuonekana kwenye orodha za mirathi za Uskoti, hata kama alichoacha ni pauni chache.

Sasa DNA, ambayo kwa hali yenu inaweza kutangulia karatasi zote. Babu yako alikuwa mtoto wa kiume wa Mskoti, na wewe unatoka kwake kupitia baba. Kwa hiyo baba yako, baba zako wadogo na kaka zako wote wanabeba kromosomu Y (DNA ipitayo kwa baba hadi mwana wa kiume) ya yule fundi, bila kuchanganyika. Mpimeni mmoja wao Y. Kundi la R1b, lililoenea sana Uskoti, litaelekeza upande wa Ulaya, na mwenye Y inayokaribiana sana anaweza kuwa na jina lilelile la ukoo au, jambo la kuzingatia zaidi, jina jingine kabisa, ambalo litakuambia kwamba jina mlilopewa halikuwa lake au kwamba ukoo ulibadili jina huko nyuma.

Kipimo cha kawaida cha DNA yote kinafaa kwa kupata watu walio hai. Mpime mzee kuliko wote aliye hai wa upande huo kabla ya kujipima mwenyewe, kwa kuwa kila kizazi kinapoteza nusu. Kama fundi aliacha familia Uskoti, kitukuu chake wa huko na wewe mngeshiriki wastani wa takriban sentimogani 120 (kizio cha kupimia DNA mnayoshiriki); baba yako na mtu huyohuyo wangeshiriki takriban 220. Ukilinganishwa na kitukuu wa ndugu yake wa baba na mama, wastani unashuka hadi kama 73, na karibu mmoja kati ya kumi wa kiwango hicho hashiriki kitu kinachoonekana. Hakikisha kampuni inatuma vifaa Kenya kabla ya kulipa, na ukipata matokeo ghafi yapakie pia GEDmatch, tovuti ya kulinganisha DNA, na kwingine kunakoruhusu, kwa kuwa hujui jamaa zako walipima wapi.

Siku utakapompata mtu aliye hai, andika ujumbe mfupi. Taja jina la fundi, mwaka aliozaliwa, jina la mama yake na meli unayodhani aliijenga, kisha sema kwamba DNA inaonyesha mna uhusiano kupitia kwake na uulize kama familia yao ina picha yake. Usieleze habari za mke aliyeachwa, wala usidai kukubaliwa. Ambatanisha ile picha ya Paisley, upande wa mbele na wa nyuma. Kama wanayo ya studio hiyohiyo, watakujibu.